Nusu ya Ukuta

"Hiyo ni nusu," Restuta alisema. "Nilichora ukuta mzima. Wewe umeniletea nusu, halafu unataka niikuze."

"Nusu inatosha, dada." Severini alimsukumia simu usoni mpaka kioo kikamgusa pua. "Ikuze kwenye bango, mita nne kwa mbili. Tunalifunga mbele ya fuso, tunaingia nalo Mofu."

"Sikuzi."

"Kelestini kakatwa mkono!"

"Najua. Nimetoka wodini sasa hivi kumnywesha uji. Wewe umefika?"

Severini hakuwa amefika. Alikuwa ameshuka mjini na wanaume watatu kutoka Mofu, mapanga yao wameyaviringisha kwenye viroba vya mbolea kama watu waliobeba miwa. Walisimama katikati ya karakana ya dada yake ya kuchora vibao, kati ya kibao cha saluni na kibao cha duka la dawa, matope ya majaruba yamewakaukia magotini. Kelestini alikuwa binamu yao, mtoto wa shangazi. Juzi asubuhi alikwenda kutoa ng'ombe kwenye mpunga wake uliokwisha kubeba, na mmoja wa wachungaji akamjibu kwa sime. Mkono ulibaki ukining'inia kwa ngozi. Daktari aliumalizia tu.

"Walipokuja walikuwa wachache, tukawapa maji ya kunywa," Severini alisema. "Leo wanatukata. Na wewe mwenyewe umelisema ukutani. 'Wageni wamefika.' Maneno yako, mwandiko wako. Bonde zima linayo hiyo picha."

"Linayo nusu."

"Achana na hiyo nusu yako!"

Ukuta wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la Bwanaheri. Kila Ijumaa, akishamaliza kazi za watu, Restuta alichora pale katuni moja, na Ijumaa iliyofuata aliifuta kwa chokaa akachora nyingine. Alikuwa na stashahada ya sanaa, watoto watatu, na mume anayefanya kazi ya reli Mlimba. Hakuwa na nafasi ya kuogopa wakubwa. Alishamchora kiongozi anayekula lami kwa kijiko huku magari yamezama nyuma yake. Watu walisimama, wakacheka, wakaingia sokoni wakiwa na la kusema.

Safari hii alikuwa amechora ng'ombe mkubwa kama behewa, anavuka daraja kuingia bondeni. Mdomoni anatafuna shamba zima, na masuke ya mpunga yanalia kama watoto wachanga. Mabegani kwake kakaa mchungaji na fimbo. Juu yao: *Wageni wamefika.* Upande wa pili, chini ya kiwele cha ng'ombe huyo huyo, kakaa mheshimiwa wa suti juu ya kigoda. Kwa mkono mmoja anainua kizuizi cha barabarani, kwa mkono mwingine anakamua, na maziwa yanamiminikia mkobani mwake. Naye ana maneno: *Karibuni, mimi ndiye niliyewaita.* Kicheko kilikuwa hapo. Ng'ombe alikuwa mguu tu. Mwenye safari alikuwa mwenye mkoba.

Lakini katikati ya ukuta ule lilipita bomba la kushushia maji ya mvua, na Restuta, ambaye hakutaka kulipaka rangi, alimgawa ng'ombe wake hapo: kichwa na mchungaji huku, kiwele na mheshimiwa kule. Bwanaheri alimwonya akiwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. "Mama Evod, hilo bomba limekukatia picha. Mtu akisimama upande wa soko anamwona ng'ombe peke yake."

"Watu wana shingo," Restuta alimjibu, akisuuza brashi. "Watageuka."

Hawakugeuka. Mtu mmoja alisimama upande wa soko, akapiga picha mpaka kwenye bomba, akaituma. Kufikia Jumatatu ilikuwa imefika Mbingu na Mlimba, ikiwa imeongezewa maneno ambayo Restuta hakuyaandika. Jumatano Kelestini alikatwa. Leo ilikuwa Ijumaa tena, na ndugu yake alikuwa anatweta mbele yake kama fahali.

"Mara ya mwisho," Severini alisema. "Unachora au huchori?"

"Nenda kamwone mgonjwa."

Severini alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga, wala yeye mwenyewe hakuonekana kuamini kwamba mkono ule ulikuwa wake. Restuta aliyumba, akaangusha kopo la rangi nyekundu, na kabla rangi haijamaliza kuenea sakafuni alikuwa ameshika rula yake ya mbao, ile ndefu ya kupigia mistari ya mabango, akamchapa nayo shavuni kwa ubapa, kisha kwa ukingo. Severini alipiga magoti kwenye rangi. Alipoinuka, haikujulikana damu ni ipi na rangi ni ipi.

"Nilikubeba mgongoni mama akiwa shambani," Restuta alisema. "Rudia uone."

Simu ya Severini ililia. Aliipokea kwa kidole chenye rangi, na sauti ikatoka kubwa, ya mtu anayepiga kelele katikati ya kelele za wengine: "Severini! Tumempata! Yule wa ukutani mwenyewe! Tumemlinganisha na picha, sikio lile lile! Yuko hapa mashineni, njia ya Mlimba. Njooni kabla hawajammaliza!"

Wanaume wanne walitoka mbio. Restuta alibaki na rula mkononi.

Sikio lile lile.

Alipokuwa akimchora mchungaji, alihitaji sura. Mkono hauchori mtu wa hewani. Unamchukua wa karibu. Yeye alimchukua Luhende, Msukuma aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa baiskeli: paji pana, pengo la meno ya mbele, na sikio la kushoto lililopasuliwa na pembe la ndama tangu utotoni. Sikio lile lilikuwa zawadi kwa mchoraji yeyote. Hakumwomba ruhusa. Luhende aliiona picha kesho yake, akaegesha baiskeli, akacheka mpaka akashika nguzo ya umeme.

"Mwangaluka, mtani!" alimwamkia kwa Kisukuma, akafuta machozi. "Kumbe mimi ndiye niliyekula mpunga wenu wote! Na tumbo hili hili?"

"Tangu lini mimi na wewe watani?" Restuta alimuuliza, akikinga sufuria. "Wazee wangu hawakuwajua wazee wako."

"Basi tuanze sisi. Utani una siku yake ya kuzaliwa, mama." Alimimina, akaongeza kikombe kizima juu ya kipimo. "Lakini utani una mzigo. Umenicheka mbele ya mji. Siku yangu ikifika, miguu utashika wewe."

Restuta alicheka. Alielewa, nani asiyeelewa? Baba yake alipofariki, watani walikuja wakalalia jeneza, wakamtukana marehemu kwa ubahili wake, wakaiga kikohozi chake mpaka wafiwa wakavunjika mbavu. Kisha walewale ndio walioshuka kaburini kumpokea, mmoja kichwa, mwingine miguu. Kucheka kulikuwa kazi, na kazi ile ilikuwa na nusu ya pili. Hilo alilijua kwa msiba. Kwa ukuta, hakuwa amelifikiria.

Na juzi asubuhi, wakati sime inashuka juu ya mkono wa Kelestini kule Mofu, Luhende alikuwa mlangoni kwake na kipimo cha maziwa, analalamikia bei ya mpira wa baiskeli.

Alivuka barabara. Bwanaheri alikuwa ameshafunga nusu ya milango.

"Pikipiki," Restuta alisema.

"Mama Evod, usiende huko."

"Ufunguo, Bwanaheri. Na piga simu polisi."

"Nimeshapiga. Gari lao liko Mofu tangu alfajiri. Wamesema watageuza." Alimpa ufunguo, kisha akatazama ukuta wake kwa aibu, kana kwamba ulikuwa mtoto aliyefanya jambo baya. "Nipake chokaa?"

"Chokaa haitafika kwenye simu zao."

*

Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa nje kidogo ya mji, jengo refu jeupe lenye uwanja wa saruji wa kuanikia. Injini ilikuwa imezimwa. Uwanja ulijaa watu, na mpunga ulioanikwa ulikuwa umekanyagwa ukachanganyika na viatu, chupa na baiskeli moja iliyokunjwa kama waya. Maziwa yalikuwa yametiririka juu ya saruji hadi kwenye mfereji. Nzi walikuwa wameshayavamia.

Luhende alifungwa kwenye tela la pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili, kwa kamba ya katani. Jicho moja halikuwepo tena chini ya uvimbe. Mtu alikuwa amekata lile sikio, lile lile la picha, na kulipachika kwenye ncha ya fimbo yake mwenyewe. Mwanaume wa makamo, ambaye siku nyingine angempisha Restuta kwenye foleni ya benki, alikuwa anamshika kidevu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, analinganisha.

"Ndiye. Tazameni paji. Tazameni pengo."

"Pengo hilo ndilo lililokula mpunga wetu!"

Walicheka. Restuta alikijua kicheko kile. Kilikuwa chake, alikuwa amekitengeneza kwa brashi.

Mwingine alishusha mchi kwenye goti la Luhende. Lilitoa mlio wa bua kavu. Luhende hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

"Mwacheni!" Restuta alijipenyeza. "Siye huyu! Juzi asubuhi alikuwa kwangu!"

Waliposikia sauti ya mwanamke waligeuka, na mmoja akamtambua. "Mchoraji! Mchoraji mwenyewe!" Makofi yakalipuka. Mikono ikamnyanyua, ikamkalisha juu ya magunia, ikamshangilia kama bibi harusi. Kutoka pale juu alimwona Severini, shavu limevimba, panga limeshatoka kwenye kiroba. Na alimwona Melkiori.

Melkiori alikuwa dalali wa mashamba Mofu. Alivaa kofia yake ya pama na kalamu mbili mfukoni, na alikuwa anapanga watu kwa sauti ya mchana wa sherehe. Kila mtu aliyelima kule alijua, ingawa hakuna aliyelisema kwa sauti, kwamba Melkiori ndiye aliyewakaribisha wafugaji, akawakatia vipande vya malisho ndani ya mashamba ya watu, na kwamba zizi lake lilinenepa mwaka ule ule.

"Mama huyu ametufumbua macho!" Melkiori alisema. "Ametuonyesha adui kwa sura yake!"

"Nimechora sura ya muuza maziwa wangu," Restuta alisema. "Nilikuwa sina sura nyingine. Hakumkata Kelestini. Alikuwa mlangoni kwangu."

"Wote ni wamoja," mtu alisema.

"Mama anaogopa kesi," mwingine alisema, na wakacheka tena, kwa upole sasa, kama wanaomsamehe. Mchi ulipanda na kushuka. Safari hii Luhende alilia.

Maneno hayakuingia. Restuta aliona wazi, kama anavyoona mstari uliopinda: watu hawa walikuwa wameshasoma picha, na aliyesoma picha haombi maelezo. Aliruka chini. Kando ya injini kulikuwa na ndoo ya oili chafu. Alizamisha kiganja, akakitoa kinachuruzika, akauendea ukuta mweupe wa mashine.

Alichora kwa mkono mzima. Mgongo wa ng'ombe, uliomalizika kwenye bomba la Bwanaheri, uliendelea hapa. Mapaja. Mkia. Kiwele kinene kama gunia. Kelele zilipungua kwanza karibu yake, kisha nyuma. Hakuna mtu wa bonde lile asiyesimama kumtazama mtu anayechora. Hata mwenye mchi aliushusha. Alichora kigoda. Alichora suti, mkono unaokamua, mkono unaoinua kizuizi, mkoba unaofurika. Kichwa alikiacha wazi.

"Huyo nani?" mtu aliuliza.

"Ndiye aliyekuwa upande wa pili wa bomba," Restuta alisema bila kugeuka. "Ambaye hamkumpiga picha."

Aliweka kofia. Hakuikusudia. Kidole kilizunguka chenyewe, na ukingo wake ukawa mpana, wa pama.

Mwanamke mmoja muuza vitumbua alisema, taratibu, "Kofia hiyo si ya..."

Macho yalimgeukia Melkiori. Restuta alisikia viatu vikisogea, na mapanga yakigusana. Mtu alimshika Melkiori ukosi, kofia ikamwanguka. "Sura!" mmoja alipaza sauti. "Weka sura, mama! Weka sura tumjue!" Wengine wakaipokea, wakaipiga kwa miguu juu ya mpunga. Sura! Sura! Severini naye alikuwa anaita.

Restuta aligeuka. Mbele ya suruali ya Melkiori palikuwa pamelowa. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nyuma yake, kwenye tela, hakuna aliyemshika tena Luhende, kamba tu. Ilibaki pua. Mstari mmoja wa pua na mikunjo miwili ya mashavu, kazi ya kufumba na kufumbua, na uwanja mzima ungehamia upande ule. Na ungekuwa ukweli. Melkiori ndiye aliyewaita. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika mstari ule.

Kidole chake kilikuwa kimeshagusa ukuta.

Mtu aliyemshika Melkiori alikuwa ametoa simu, ameishika tayari, anasubiri kulinganisha.

Restuta alifuta ukingo wa kofia kwa kiwiko. Mahali pake akachora kilemba, na fundo lake mbele, upande wa kulia, kama alivyolifunga yeye asubuhi ile. Akachora mashavu mapana. Akachora miwani yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi. Mdomoni akaweka brashi, kwa sababu ndivyo alivyoshika brashi mikono ikijaa, na mji mzima ulijua.

Kwanza hawakuelewa. Kisha muuza vitumbua akajipiga kofi pajani. "Mama Evod! Umejichora mwenyewe!"

Kicheko kilitoka bila mpango. Hakikuwa kile cha mwanzo. Kilikuwa cha watu walioshikwa wakiwa wametoa ulimi, na kilipita uwanjani kikilegeza mabega, na ukosi wa Melkiori ukaachiwa, naye akarudi nyuma hatua kwa hatua akapotea kwenye uchochoro wa mashine bila kofia yake.

"Huyo ndiye aliyemkamua ng'ombe kuliko wote," Restuta alisema. Alisema upesi, kwa sababu alijua kicheko hakina mizizi. "Kila mtu amenisifu wiki nzima. Severini, lete panga."

Severini alilitazama panga lake. Alimpa.

Alikata kamba. Luhende alimwangukia, mzito na moto, akimwagia damu kifuani. Jicho lake lililobaki lilimtafuta usoni.

"Mtani," alisema, au alijaribu.

"Nyamaza. Bado siku yako." Alimlaza telani, nusu ya mwili ikabaki nje. Alishuka, akamshika miguu, akijihadhari na goti lile. "Miguu nimeshika mimi," aliuambia uwanja. "Nani anashika kichwa?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha, na watu walikuwa wanatazamana kama walioamshwa. Restuta alisukuma peke yake. Kichwa cha Luhende kiligonga bati la tela, kikagonga tena.

"Utamuua hivyo!" Severini alifoka. Alikuja akilaani, akilaani ng'ombe, akimlaani dada yake, akilaani siku aliyozaliwa, na akaingiza mikono chini ya mabega ya Msukuma na kumvuta ndani. Mikono yake, yenye rangi ya dada yake, iliacha alama nyekundu juu ya nyekundu. Alivua shati, akalikunja chini ya lile tundu la sikio.

Jiwe la kwanza lilimpata Restuta begani. Mtu nyuma hakuwa amecheka.

"Piga hendeli," alimwambia ndugu yake.

Severini alipiga. Injini ilikohoa, ikakataa. Alipiga tena. Jiwe lingine liligonga bati. Mara ya tatu ilishika, ikatema moshi mweusi juu ya mpunga, na Restuta akakaa, akashika mikono miwili ya pawatila, akaielekeza getini, upande wa mjini, upande wa hospitali ambako Kelestini alikuwa amelala.

Pawatila haina haraka. Mtu anayetembea kwa miguu aweza kuongozana nayo, na nyayo zilikuwa zinasikika nyuma, nyingi, haijulikani za kufuata au za kusindikiza. Severini alikaa telani, kichwa cha Luhende mapajani, panga liko mbali naye. Restuta hakugeuza shingo. Alitia gia, akaliacha geti nyuma, akaingia barabarani.